Muulize Fundi: Mashine ya kukata majani ilale wapi masika?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi nakaa Kunduchi, nyumba yetu haifiki mita mia tano kutoka ufukweni. Mwaka jana tulinunua mashine ya kukata majani, ile ya petroli ya kusukuma yenye magurudumu manne. Stoo hatuna, tuliyokuwa nayo mume wangu ameigeuza chumba cha kupangisha. Mashine naiweka nje chini ya mwarobaini, na mvua za masika zilipokaribia niliifunga yote kwa nailoni nyeusi, nikaizungushia kamba mpaka chini ili tone lisipenye. Mwezi wa sita nimeifungua, haiwaki. Chini kutu inabanduka vipande vipande. Fundi wa mtaani amesema kabureta imekufa, ninunue nyingine. Shemeji yangu anashauri niwe naiweka jiko la nje. Hivi mashine kama hii inaweza kweli kulala nje hapa Dar es Salaam? Na nimekosea wapi, wakati niliifunika vizuri kiasi kile?
Mama wa Watoto Wawili, Kunduchi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Inaweza kulala nje. Yangu inalala nje mwaka wa kumi na moja sasa, Boko, nyuma ya nyumba, na juzi nimevuta kamba mara mbili ikawaka. Kwa hiyo usikate tamaa na mashine yako, na hiyo kabureta usiinunue kwanza.

Ulipokosea ni palepale ulipojitahidi zaidi. Nailoni ilizuia mvua, hilo kweli. Ila udongo wa chini ya mti wakati wa masika haukauki. Jua likitoka mchana, ardhi inatoa mvuke, mvuke unapanda, unakuta nailoni imefungwa mpaka chini na hauna pa kutokea. Usiku kukipoa unageuka matone na kuidondokea mashine. Siku baada ya siku, kuanzia Machi mpaka Mei. Ingelowa na mvua, upepo ungepita ukaikausha. Wewe uliifungia na jasho lake miezi mitatu.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kuyafanya. Mwaka 2009 mteja wangu wa Msasani alisafiri akaniachia mashine karibu mpya nimtunzie. Karakana niliyokuwa nayo wakati huo, Mwananyamala, ilikuwa inavuja, nikaona niifunge kwa nailoni nzito ile ya kujengea na kuibana kwa selotepu kila upande. Alirudi baada ya miezi minne, nikaifungua mbele yake. Ndani maji yalikuwa yamening'inia juu kama chini ya mfuniko wa sufuria ya wali. Boliti zote zilikuwa rangi ya chungwa. Waya wa akselereta ulikuwa umegandia ndani ya ala yake, hauendi mbele wala nyuma. Nilimnunulia waya na boliti mpya, injini nikaifungua na kuisafisha bila kumdai chochote. Tangu siku ile sijafunga mashine ya mtu kwa nailoni.

Sasa hiyo kabureta. Chini yake kuna kibakuli, na kwenye mashine nyingi kimeshikwa na boliti moja tu ya spana namba 10. Weka kopo chini, maana petroli iliyobaki itamwagika, kisha kifungue uchungulie. Utakuta utando wa rangi ya chai unaonata kidoleni kama ulimbo, na pembeni unga mweupe mfano wa unga wa muhogo. Ulimbo ni petroli iliyozeeka. Petroli ina sehemu nyepesi zinazoruka mapema, na zile nzito zinazobaki hukutana na hewa zikageuka gundi. Kwenye vijitabu vingi vya injini hizi muda unaotajwa ni siku 30, na kwa joto letu mimi sisubiri hata hizo ziishe. Huo unga mweupe umeletwa na maji. Tangi likiwa nusu, nusu ya juu ni hewa, na hewa ya Dar imejaa unyevu. Usiku unyevu huo unashika kuta za tangi, unakuwa matone, matone yanazama chini ya petroli kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli, yanateremka mpaka kwenye kibakuli na kuanza kula madini yake.

Katikati ya kabureta kuna jeti, kakitobo kembamba kinachopitisha petroli. Ulimbo kidogo tu umekaziba, ndiyo sababu haiwaki. Mwambie fundi wako afungue, aloweke kwa dawa ya kusafishia kabureta, apitishe kwenye jeti unyuzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme, asitumie sindano maana itapanua tundu, kisha apulize kwa kompresa. Kama unga umekula mpaka kuta zimekuwa na mashimo, hapo fundi wako yuko sahihi na kabureta itanunuliwa. Ila aione kwanza, asikisie.

Jambo la pili kwako ni chumvi. Ukiamka asubuhi pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha linalotazama bahari, ulambe. Hiyo hiyo iko juu ya mashine. Chumvi inavuta unyevu hewani hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo chuma chenye chumvi hakikauki kabisa. Watu wa Kimara au Mbezi ya Kimara wana nafuu. Ninyi wa Kunduchi, Kigamboni, Msasani na Bahari Beach hamna. Dawa yake ni ndogo na haina gharama: kila wiki futa mashine kwa kitambaa kilicholowa maji baridi ya bomba na kukamuliwa, halafu kingine kikavu. Maji ya kisima angalia kwanza, maana visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi. Boliti, springi na ncha za nyaya zipake grisi nyembamba. Usimwagie mashine maji ya mpira.

Nije kwenye banda, na hapa naomba unisome polepole, kwa sababu ndilo litakalokuokoa.

Chagua mahali kwanza. Upepo wa kusi na wa kaskazi yote miwili kwetu inatokea upande wa bahari, na mvua ya masika hailali wima, inakuja kwa ubavu. Kwa hiyo mgongo wa banda uelekee baharini na mlango uelekee bara. Ukuta wa nyumba ulio upande wa magharibi ndio mzuri zaidi, maana nyumba yenyewe inakuwa kinga. Epuka mahali ambapo maji ya gata yanamwagikia, au bomba la kiyoyozi linadondoshea. Na utoke chini ya mwarobaini. Nakupenda mti wako, una kivuli, lakini vijani vyake vidogo vinaingia kwenye mapezi ya injini yanayopozwa na upepo, na mavi ya ndege yanakula rangi.

Bati moja la mita 3 likikatwa katikati linakutosha paa, vipande viwili vikipandana kidogo. Mashine yako ukikunja mpini haifiki hata kiuno, hivyo banda la mita moja na robo kwa mbele na mita moja kwa nyuma, kwa kimo, linatosha. Upana uwe mita moja, kina mita moja na robo, na paa lizidi kila upande kwa kiganja kimoja au viwili. Mteremko uelekee nyuma, maji yasikumwagikie unapoingiza mashine. Nyuma ziba kwa mbao bila nafasi. Mbavuni pigilia mbao ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na ubao, na chini ya paa acha wazi kimo cha ngumi. Hapo ndipo unyevu utatokea. Chini panga tofali za saruji mistari miwili, juu yake paleti kuukuu ya mbao. Mashine ikae juu ya hewa, isikae juu ya udongo wala juu ya saruji tupu, kwa sababu saruji nayo inanyonya maji kutoka chini.

Kuna watakaokuambia makuti ni baridi zaidi kuliko bati. Ni kweli, na nilijaribu. Panya walihamia ndani ya wiki chache, wakashuka kutoka kwenye makuti, wakajenga chini ya kava la injini na kutafuna waya wa plagi. Nimebaki na bati.

Jua la alasiri litaingia mlangoni, na jua linakula plastiki na mipira ya petroli mpaka inapasuka. Ning'iniza pazia la turubai mbele. Turubai la kushonwa, lile zito linalotumika kwenye malori, siyo nailoni. Liishie kiganja kimoja juu ya ardhi. Na injini ikiwa bado ya moto usilishushe. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja kwenye eksozi bila kuungua, kwangu mimi ni kama nusu saa.

Kama banda haliwezekani mwaka huu, turubai hilohilo lifunge kama paa la kibanda cha mama ntilie, kutoka kwenye ukuta hadi kwenye fito mbili, lisiiguse mashine. Juu ifunikwe, mbavu zipumue.

Kabla ya masika, mwishoni mwa Februari, ipe mashine nusu siku. Chomoa kwanza waya wa plagi, mkono wako hauwezi kushindana na kisu. Ilaze kwa ubavu huku kabureta na chujio la hewa vikitazama juu. Ukiilaza upande mwingine, oili itaingia kwenye chujio na kabureta. Sasa utaona lile sinia la chuma linalofunika kisu, na majani yaliyogandia humo kama ukoko. Ukoko huo ukilowa haukauki wiki nzima, na una uchachu unaokula chuma. Ndio uliokubandulia vipande. Kwangua kwa kipande cha mbao ngumu, sugua kwa brashi ya waya, piga msasa sehemu zenye kutu mpaka chuma king'ae, kisha paka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili. Siku za kazi kwangua kila baada ya kukata, majani yakiwa bado mabichi. Yanatoka kwa dakika tano.

Isimamishe. Mwaga oili ya zamani na utie mpya, SAE 30, kwa kipimo cha kijitabu chako. Mashine nyingi za aina yako zinakula kiasi cha nusu lita. Oili iliyotumika ina tindikali, usiiache ikae na injini miezi mitatu. Kisha rudisha waya wa plagi, washa, funga koki ya petroli na uiache inguruma mpaka izime yenyewe. Hapo kibakuli kimekauka. Petroli ya kwenye tangi itoe kwa mpira na usiivute kwa mdomo hata mara moja. Mimi nimeona kijana akipelekwa hospitali kwa funda moja. Kama bado ni mpya itie kwenye gari siku hiyohiyo.

Fungua plagi, dondosha kijiko kimoja cha chai cha oili safi ndani ya tundu, vuta kamba polepole mara tatu oili isambae, rudisha plagi. Halafu vuta tena kamba, polepole sana, mpaka usikie inakuwa nzito. Simama hapo hapo. Pistoni iko juu, valvu zote mbili zimefunga, hewa yenye unyevu haina njia ya kuingia. Waya wa plagi uache umechomolewa. Na kwenye mdomo wa eksozi chomeka kitambaa chekundu chenye mkia mrefu, kwa sababu nyigu wanaojenga kwa udongo wanalipenda sana tundu lile. Mkia mrefu ili Juni usisahau kukitoa.

La shemeji yako la jiko la nje nalikataa kabisa, na umwambie kwa heshima kwamba fundi amelikataa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni kama maji, hauuoni, unafika kwenye jiko la mkaa au la gesi na kurudi na moto. Tangi hata likiwa tupu bado lina mvuke. Wewe una watoto wawili. Mashine ilowe, ioze, iibiwe, lakini isikae jikoni.

Nimetaja kuibiwa. Jengea kwenye ukuta pete ya nondo na upitishe mnyororo chini ya injini, usiupitishe kwenye mpini peke yake, maana mpini unafunguliwa kwa boliti mbili. Wanaotafuta vyuma chakavu wanalijua hilo kuliko sisi.

SWALI: Fundi mambo? Mimi ni kijana wa Tabata, nakata majani kwenye nyumba za watu kwa mashine ya kuvaa begani. Nimepanga chumba kimoja. Mwenye nyumba amenikataza kuingiza mashine ndani kwa sababu ya harufu ya petroli, kwa hiyo inalala uani, imeegemea ukuta chini ya upenu. Mvua ikija na upepo inalowa. Siwezi kujenga banda, nyumba siyo yangu. Nifanyeje?
Kijana wa Kazi, Tabata

JIBU: Poa, mwanangu. Mwenye nyumba wako yuko sahihi, na ningekuwa mimi ningekukataza vilevile. Chumba unacholala kisiwe na petroli, iwe kwenye mashine au kwenye kidumu.

Habari njema ni kwamba wewe unaitumia kila siku, na mashine inayofanya kazi kila siku inajikausha yenyewe kwa joto lake. Unachotakiwa kulinda ni kichwa cha injini tu. Bomba lile refu na kisu havina tabu vikipanguswa. Tafuta ndoo kubwa ya rangi, ya lita 20. Ukimaliza kazi rudisha petroli iliyobaki kwenye kidumu, acha injini izime yenyewe kwa kukosa mafuta, isubiri ipoe. Isimamishe kisu kikiwa chini juu ya kipande cha ubao, injini juu, na uifunike injini kwa ndoo iliyogeuzwa. Chini pako wazi, inapumua. Kama injini yako ni pana haiingii, kata pipa la plastiki nusu. Funga mnyororo kwenye nondo za dirisha lako, si kwenye bomba la maji la mwenye nyumba.

Kuhusu mafuta: injini yako inakunywa petroli iliyochanganywa na oili ya tuu-stroki, na mchanganyiko ule haupendi kukaa. Changanya wa kazi ya siku mbili, usichanganye wa wiki tatu kwa sababu umepata hela. Kidumu kikae uani penye kivuli, kifuniko kimekazwa, mbali na majiko ya wapangaji wenzako. Na chujio la hewa, kile kisponji, kikamue kwa maji ya sabuni kila Jumapili, kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Vumbi la kiangazi linaua injini yako haraka kuliko mvua inayokutisha.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mstaafu, naishi Upanga. Marehemu baba yangu aliacha mashine ya kukata majani isiyo na injini, ya kusukuma kwa mikono, yenye visu vilivyopinda kuzunguka kama pipa. Imekaa barazani miaka mingi, imeota kutu na haizunguki. Vijana wananiambia niiuze kwa wa vyuma chakavu. Unashaurije?
Mstaafu, Upanga

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Nakuomba usiiuze.

Hiyo ndiyo mashine ya asili. Mwingereza Edwin Budding aliibuni mwaka 1830, huko Gloucestershire, baada ya kuona mashine ya kiwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya ya juu ya vitambaa, akawaza kwamba kinachonyoa kitambaa kinaweza kunyoa majani. Ya baba yako inafanya kazi kwa njia ileile: visu vinazunguka na kukutana na kisu kimoja kilicholala chini, kama mkasi. Haina petroli ya kuzeeka wala kabureta ya kuziba. Kwa hiyo inaweza kukaa barazani miaka mingine mingi, mradi usiipe nafasi ya kushika kutu kwenye makali.

Mimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye ncha zote mbili za mhimili, iache usiku kucha, asubuhi izungushe kwa mkono uliovaa glovu nene, mbele na nyuma, bila kuilazimisha. Ikigoma rudia usiku wa pili. Yangu moja ilikubali usiku wa nne. Ikishazunguka, sugua visu kwa brashi ya waya na uvipake oili kwa kitambaa kila ukimaliza kukata. Barazani itundike ukutani kwa misumari miwili mikubwa, makali yakitazama ukuta, ili wajukuu wasiyafikie na maji ya kudekia yasiifikie.

Kisha kata kipande cha gazeti, kiingize kati ya kisu cha chini na kile kinachozunguka, uzungushe taratibu. Jaribu kushoto, katikati na kulia. Karatasi ikikatika safi kote, mashine iko tayari. Ikikunjwa upande mmoja, kaza skrubu ya upande huo kwa robo ya mzunguko, ujaribu tena.